Shule ya Yatima Huanzia Shambani

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu vingi iko nyumba ambayo bibi mzee amebaki na wajukuu watano au sita, baba hayupo na mama hayupo. Asubuhi majirani huwaona wale wadogo wakienda kuchota maji saa ile ile watoto wengine wanapokwenda shule. Watu husema, "Maskini watoto wale," kisha kila mtu hushika jembe lake akaenda kazini. Huruma ni kitu chema, lakini huruma haifundishi kusoma wala haipiki uji.

Mwezi huu tumeona yafaa tuwaeleze habari za watu waliojenga shule kwa ajili ya watoto wa namna hii, tena katika sehemu za watu maskini. Nia yetu ni kwamba ninyi mnaolifikiri jambo hili vijijini mwenu mpate kujua lilivyofanyika mahali pengine, linahitaji nini, na hatari zake ni zipi. Tunapotaja yatima tuna maana ya mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili.

HABARI YA NYAKA

Kusini magharibi ya Uganda, upande wa mpaka wa Kongo, iko nchi ya Kigezi. Ni nchi ya vilima vilivyosimama, yenye watu wengi na mashamba madogo. Wakulima wa huko wamejulikana tangu miaka ya 1940 kwa matuta yao ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Hulima viazi, maharagwe, mtama na ndizi, na katika wilaya ya Kanungu hulima chai pia.

Katika wilaya hiyo ya Kanungu, kijiji cha Nyakagyezi, alizaliwa Bwana Twesigye Jackson Kaguri. Alisoma kwa bidii, akafika Chuo Kikuu cha Makerere, halafu akaenda Marekani, kwenye Columbia University. Lakini alipokuwa akiendelea katika masomo na kazi, ugonjwa wa ukimwi ulikuwa ukiwamaliza watu wa rika lake nyumbani. Mwaka 1996 ndugu yake Frank alikufa, akaacha watoto watatu. Mwaka 1997 dada yake naye akafa, akaacha mtoto wa kiume.

Mwaka 2001 Bwana Kaguri na mkewe walikwenda kuwatazama wazee kijijini. Wakaona mambo yaliyowapata wao yamewapata jirani zao wengi. Mabibi wazee walifika nyumbani kwake kumweleza shida zao: watoto ni wengi, nguvu za kulima zimekwisha, na fedha za shule hakuna. Wakati huo yeye na mkewe walikuwa wameweka akiba ya dola 5,000, malipo ya kwanza ya nyumba waliyotaka kuinunua Marekani. Wakakubaliana nyumba ingoje. Fedha ile ikaanza kujenga shule. Mwezi wa Januari, mwaka 2003, Shule ya Nyaka ilifungua milango yake, ikawapokea watoto yatima zaidi ya 50.

Huo ulikuwa mwanzo mdogo, na msomaji asiudharau. Baadaye ilijengwa shule ya pili, iitwayo Kutamba, katika wilaya jirani ya Rukungiri, na baada ya hapo shule ya sekondari yenye mafundisho ya kazi za mikono.

KWA NINI SHULE YA BURE HAIKUTOSHA

Pengine mtu atauliza: Je, Uganda haikuwa imeondoa karo za shule za msingi? Ndiyo, iliziondoa mwaka 1997. Sisi Kenya tuliziondoa Januari 2003, mwezi ule ule Nyaka ilipofunguliwa. Sasa yatima walikosa nini?

Mwalimu yeyote aliyefundisha shule ya kijijini atakujibu. Mtoto asiye na karo anazuiwa na mtu mmoja tu, yaani mwenye kukusanya karo. Lakini mtoto yatima anazuiwa na mambo mengi. Hana sare, na wenzake wanamcheka. Hana daftari wala kalamu. Ameamka na njaa, na ifikapo saa nne hasikii tena mwalimu anasema nini. Ana kidonda kisichotibiwa. Siku ya kupanda ndiye mwenye kushika jembe nyumbani, na bibi akiugua ndiye muuguzi. Karo ikiondolewa, yote hayo yanabaki pale pale.

Ndiyo sababu Nyaka haikutoa masomo peke yake. Mtoto alipewa sare, vitabu, chakula na matibabu, na mzee wake hakudaiwa kitu. Kisha yakaletwa maji ya mfereji kutoka chemchemi iliyo juu mlimani. Yanashuka yenyewe kwa mteremko, wala hayahitaji mashine. Maji hayo hayakufungiwa shuleni, bali vijiji vya jirani navyo vilipata kuteka. Angalia busara hiyo. Jirani anayeteka maji kwa ajili ya shule hawezi kuiona shule kuwa mali ya wageni, na bomba likipasuka ataleta habari kabla ya jua kuchwa.

Tena likafunguliwa shamba la shule, Desire Farm, ili watoto wale mboga na vyakula vya kujenga mwili, na jamaa zao wapate kujifunza kilimo bora.

BIBI NDIYE NGUZO

Watu wa Nyaka waligundua jambo kubwa: huwezi kumlea yatima ukamwacha bibi yake. Mtoto hukaa shuleni mchana, lakini jioni anarudi kwenye nyumba ile ile ya bibi. Nyumba ikivuja, mtoto halali. Bibi akikosa mbegu, mtoto hali.

Kwa hiyo mwaka 2007 ilianzishwa kazi ya kuwasaidia mabibi, ambao kwa lugha ya huko kila mmoja huitwa mukaaka. Walijikusanya katika vikundi, na leo mabibi walio katika vikundi hivyo ni maelfu. Huchagua viongozi wao wenyewe. Wao wenyewe huamua nani apewe mkopo mdogo, nani ajengewe nyumba au choo kwanza, na nani angoje. Hakuna karani wa ofisini anayeweza kujua kama wao wanavyojua ni nyumba ipi yenye shida zaidi. Nasema hivyo nikiwa karani mimi mwenyewe.

HABARI YA KITUI

Huku kwetu Kenya iko njia nyingine iliyojaribiwa. Padri Angelo D'Agostino, daktari na Mjesuiti kutoka Marekani, alifungua nyumba ya watoto wenye virusi vya ukimwi mjini Nairobi mwaka 1992, akisaidiwa na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Kisha wakafikiri juu ya maelfu ya yatima walioko mashambani. Halmashauri ya Wilaya ya Kitui, kama ilivyokuwa wakati huo, ikatoa ardhi ya ekari 1,000, na mwaka 2006 kikaanzishwa Kijiji cha Nyumbani. Padri D'Agostino alikufa Novemba mwaka ule ule, lakini kazi haikufa pamoja naye.

Katika kijiji hicho mzee mmoja, mara nyingi bibi, hukaa katika nyumba yake pamoja na watoto kama kumi. Baadhi ni wajukuu wake wa damu, na wengine ni watoto waliofiwa na jamaa zao. Hivyo mzee aliyefiwa na watoto na mtoto aliyefiwa na wazazi wanatunzana. Zimo shule ya msingi, shule ya sekondari na mahali pa kufundishia ufundi. Kwa kuwa Kitui ni nchi kavu, wanatumia maji kwa uangalifu, na wamepanda miti mingi ya mukau, ambayo huvumilia ukame na kutoa mbao nzuri. Miti hiyo ni akiba: inakua mtoto akisoma, na ikivunwa inasaidia kijiji kijitegemee.

ELIMU YA SHAMBA ISIZIKWE

Ndugu mkulima, sasa tumefika kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Wewe ulijifunza wapi kulima? Hukujifunza katika kitabu. Ulimfuata mama au baba shambani, ukaona siku anayopanda, jinsi anavyochagua suke la mbegu, na mahali anapoweka maharagwe yasiliwe na wadudu. Mzazi akifa mtoto angali na miaka sita, elimu hiyo yote inazikwa pamoja naye. Mtoto anarithi ekari mbili asizojua kuzitumia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, waliona hatari hiyo. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 walianzisha nchini Msumbiji mashamba darasa ya vijana, hasa kwa ajili ya yatima. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine, Kenya ikiwamo. Vijana kama 30, wavulana na wasichana, hukutana kufuata zao moja tangu kutayarisha shamba mpaka kuvuna. Huenda shambani wakatazama: jani lina rangi gani, mdudu yupi yupo, udongo una unyevu kiasi gani. Huchora waliyoyaona, hujadiliana, kisha huamua la kufanya.

Halafu mwalimu anawageuzia somo. Mmea unahitaji nini ili usishikwe na ugonjwa? Na mwili wako je? Ukichelewa kupalilia, nini hutokea? Na ukichelewa kwenda hospitali? Kijana ambaye hangeweza kusema neno juu ya kifo cha mama yake anaweza kusema juu ya mhindi ulionyauka. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na sijaona njia iliyo bora kuliko hii ya kumfundisha mtoto mambo mawili kwa mara moja.

Lakini angalieni sana jambo moja. Shamba la shule ni la kufundishia, wala si la kuwafanya watoto kuwa vibarua. Kazi nzito ya kulima na kuvuna ni ya wazazi na walezi wa kijiji kwa zamu. Mtoto aliyelima mpaka saa sita ni sawa na yule aliyebaki nyumbani. Wote wawili hawakusoma.

HESABU YA CHAKULA

Watu wengi huanza kwa kuhesabu matofali. Sisi twawashauri muanze kwa kuhesabu chakula.

Kipimo kilichotumiwa na WFP katika chakula cha mchana cha shule za Kenya ni hiki, kwa mtoto mmoja kwa siku: nafaka gramu 150, maharagwe au jamii yake gramu 40, mafuta gramu 5, na chumvi yenye madini ya joto gramu 3. Sasa tuchukue shule ya watoto 60, na tuseme wanasoma siku 190 kwa mwaka.

Mahindi: kilo 9 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 1,710, yaani magunia 19 ya kilo 90.

Maharagwe: kilo 2 na gramu 400 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 456, yaani magunia matano na kidogo.

Ukiwa na shamba linalotoa magunia 10 kwa ekari, ekari mbili zitatosha kwa mahindi. Likitoa magunia matano tu, utahitaji karibu ekari nne. Hapo ndipo utaona faida ya mbegu bora, samadi na kupanda mapema. Katika nchi kavu msishikilie mahindi. Mtama, wimbi, kunde na pojo vitawalisha watoto mwaka ambao mahindi yamekauka. Ongezeni bustani ya mboga karibu na jiko, imwagiliwe maji yaliyooshea vyombo, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo vina vitamini A ya kulinda macho na mwili wa mtoto.

Kama hakuna shamba la kutosha, kila nyumba ya kijiji inaweza kutoa debe moja wakati wa mavuno. Haba na haba hujaza kibaba.

Mahindi ya shule yahifadhiwe kwa uangalifu kuliko hata ya nyumbani, maana chungu kimoja kinalisha watoto wa watu wengi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 walishikwa na sumu ya kuvu iliyomo katika mahindi mabovu, na 125 kati yao wakafa. Kausheni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tieni mahindi kidogo katika chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikiseni, kisha acheni kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudisheni juani. Chumvi isipoganda, endeleeni kuyakausha kidogo kwa usalama, kisha yatieni ghalani.

SHERIA NA ARDHI

Mtu mwenye moyo mwema huweza kuharibu kazi kwa kutojua sheria. Kwa hiyo shikeni mambo haya.

Kwanza, jengeni shule, msijenge nyumba ya kulaza yatima. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za kulelea watoto, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya jamaa zao. Sababu ni njema: mtoto aliyekulia mbali na ukoo wake hukua bila kujua shangazi zake, bila shamba, na bila mahali pa kurudi. Mtoto na alale kwa bibi yake, na shule imtumikie huko huko.

Pili, shule yoyote lazima iandikishwe na Bodi ya Elimu ya Kaunti, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na walimu wawe wameandikishwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kabla ya kufika huko, ulizeni kama shule ya Serikali iliyo karibu haiwezi kupanuliwa. Pengine kijiji chenu hakihitaji shule mpya. Kinahitaji jiko, tangi la maji, sare 40 na mwalimu mmoja wa kuwafuatia yatima. Hilo nalo ni kuanzisha shule kwa yatima, tena kwa gharama ndogo.

Tatu, mzee akitoa ardhi ya shule, msitosheke na neno la mdomo mbele ya watu. Akifa, wanawe wanaweza kuidai. Andikeni mapatano, ombeni kibali cha bodi ya ardhi kabla ya miezi sita kupita, na hati iandikwe kwa jina la shule, si la mwenyekiti.

Nne, lindeni ardhi ya yatima wenyewe. Mara nyingi mtoto husomeshwa kwa sadaka huku shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawatambua watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, kuwa warithi. Kamati ya shule iwe na daftari: jina la mtoto, shamba la wazazi liko wapi, nani analitumia, na karatasi ziko kwa nani. Bibi akihitaji kwenda kwa chifu au kortini, mtu wa kamati afuatane naye. Shule ikimpa mtoto cheti lakini akapoteza shamba, imempa jicho moja na kumtoa la pili.

Tano, fedha ziwe wazi. Benki itake sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila muhula, hata kama ni shilingi mia tano. Msaada wa nje hupokewa kwa shukrani, lakini usiwe mguu pekee wa kusimamia. Mfadhili akichoka, au bei ya dola ikibadilika, watoto hawatakula barua za pole.

MWANZENI VIPI

Basi, ndugu zangu, mkitaka kulifanya jambo hili, msikimbilie kupiga tofali. Kaeni katika baraza, nyumba kwa nyumba, muandike majina ya yatima wote wa kijiji, umri wao, wanakaa na nani, na nini hasa kinachowazuia kwenda shule. Waiteni mabibi wenyewe waseme, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Halafu anzeni na chungu cha uji na ekari moja ya maharagwe. Mkiweza kuwalisha watoto muhula mmoja bila kukosa hata siku moja, mtakuwa mmeonyesha kwamba kamati yenu inaweza kuaminiwa na tofali.

Dawa za ukimwi sasa zinapatikana, na wazazi wengi wanaishi ambao miaka ya nyuma wangekufa. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ajali, maradhi na uzazi bado huacha watoto bila wazee, na mvua ikikosekana wao ndio hukosa kwanza.

Kwa mashauri juu ya mbegu, bustani ya shule na kuhifadhi nafaka, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Kwa habari za kuandikisha shule, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na kwa mambo ya mtoto anayedhulumiwa, nenda ofisi ya watoto. Nenda mapema, kabla ya mvua ya kupandia, ili ekari ile ya maharagwe isichelewe.